Kuwaza Kisichoonekana: Nafasi ya Ubunifu katika Ugunduzi wa Kisayansi

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu na watafiti, wanafunzi wapendwa, mabibi na mabwana,

Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Mada niliyokabidhiwa ni nafasi ya ubunifu wa mawazo katika ugunduzi wa kisayansi, nayo ina hatari yake, kwa kuwa karibu kila anayeizungumzia huishia kuusifu ubunifu kwa maneno matamu bila kueleza unafanya kazi gani hasa. Mimi ningependa kutetea dai moja lililo finyu zaidi. Mwanasayansi na mtunzi wa hadithi huanza safari pamoja, maana wote wawili huona kwa akili vitu visivyokuwapo mbele ya macho yao. Hufika mahali, hata hivyo, ambapo mtunzi huruhusiwa kuendelea, ilhali mwanasayansi hutakiwa kusimama na kutamka kwamba kitu alichokiwaza kiko wapi, kina ukubwa gani, kina uzito gani na kitaonekana lini, ili watu wengine, wakiwamo wasiomtakia mema, waende kukitafuta. Ninadai kwamba masharti hayo hayajawahi kuudumaza ubunifu wa wanasayansi. Ndiyo yaliyoufanya uzae.

Vitabu vya kiada havitusaidii sana kuliona hili. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Vitabu vyetu hutuonyesha chombo kikielea na kutuficha uundaji wake. Kanuni huandikwa kwa mstari mmoja, ikafuatwa na mifano mitatu na zoezi, na mwanafunzi akabaki akidhani kwamba aliyeigundua aliiokota ndani ya rundo la vipimo. Vipimo ni vya lazima, na nitavirudia mara nyingi katika maelezo yangu, ila vipimo peke yake havijawahi kumwambia mtu aulize swali gani.

Tumtazame kwanza Galileo Galilei. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya, wakimfuata Aristotle, walishikilia kwamba kitu kizito huanguka kwa kasi kubwa kuliko kitu chepesi. Katika kitabu kilichochapishwa Leiden mwaka 1638, wakati yeye mwenyewe ni mzee aliyepofuka na aliyezuiliwa nyumbani kwake kwa hukumu ya mahakama ya Kanisa, Galileo aliwaalika wasomaji wafanye jaribio lisilohitaji mnara wala kifaa chochote. Tuchukulie kwamba jiwe kubwa huanguka kwa kasi ya vipimo 8 na jiwe dogo kwa kasi ya vipimo 4, kisha tuyafunge pamoja. Jiwe dogo, kwa kuwa ni la polepole, litalirudisha nyuma lile kubwa, basi yakiwa pamoja yataanguka kwa kasi iliyo chini ya 8. Lakini mawe mawili yaliyofungwa pamoja ni mzigo mzito kuliko jiwe kubwa likiwa peke yake, basi yanapaswa kuanguka kwa kasi iliyo juu ya 8. Haiwezekani mzigo mmoja ukaenda polepole zaidi na haraka zaidi kwa wakati mmoja. Dhana iliyotufikisha hapo ina kasoro, na njia nyepesi ya kutoka ni kukubali kwamba, upinzani wa hewa ukiondolewa, yote huanguka sawasawa.

Nimeieleza hoja hiyo kwa urefu kwa sababu hainiishi mshangao. Mawe na kamba vilikuwapo tangu zama za Aristotle, na mtu yeyote angeweza kuvifunga kwa mawazo akiwa amekaa kitako. Aliyekosekana ni mtu wa kuichukulia dhana ya zamani kwa uzito, akaifuata hatua kwa hatua hadi mahali inapojiumbua yenyewe. Galileo, hata hivyo, hakutosheka na ushindi wa akili. Katika kitabu hichohicho anaeleza jinsi alivyoviringisha mipira ya shaba kwenye mfereji uliochongwa katika ubao ulioinamishwa, akipima muda kwa kupima uzito wa maji yaliyochuruzika kutoka chomboni wakati mpira ukiteremka. Hoja ya mawe ilimwonyesha kwamba dhana ya kale haiwezi kuwa sahihi. Maji ya chomboni ndiyo yaliyompa kanuni ya kuweka mahali pake. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott aliachia nyundo na unyoya juu ya Mwezi, mahali pasipo na hewa, vikafika chini pamoja.

Michael Faraday ni mfano wa namna nyingine. Alizaliwa mwaka 1791, mtoto wa mhunzi, akajifunza kazi ya kujalidi vitabu, na hisabati yake haikufika mbali. Wasomi wa wakati wake waliieleza kani ya sumaku kuwa ni mvutano unaotoka kitu kimoja hadi kingine bila kupita popote katikati, na hesabu zao zilitoa majibu sahihi. Faraday hakuridhika. Ukiweka karatasi juu ya sumaku, ukainyunyizia unga wa chuma na kuigonga kidogo kwa kidole, chembe hujipanga katika mistari iliyopinda inayotoka ncha moja kwenda nyingine, imesongamana penye ncha na kuachana kadiri inavyokwenda mbali. Mchoro huo ulikuwa umeonwa na watu wengi. Faraday aliuwaza ukiwapo hata baada ya unga kuondolewa. Kwake nafasi inayoizunguka sumaku haikuwa tupu. Ilijaa mistari ya kani, kila mstari ukijivuta kwa urefu wake kana kwamba unataka kufupika, na kuwasukuma majirani zake kwa ubavu. Waya ukiikata mistari hiyo, umeme huzaliwa ndani yake, na jambo hilo la umeme kuzaliwa kutokana na sumaku alilithibitisha kwa majaribio mwaka 1831.

Wanahisabati wengi waliiona picha hiyo kuwa ya mtu asiyejua hesabu, na kwa kweli ndivyo alivyokuwa. James Clerk Maxwell, aliyezijua hesabu kuliko karibu wote, ndiye aliyeiheshimu. Katika makala alizozitoa mwaka 1861 na 1862 aliibunia mitambo mizima: vizingia vidogo visivyohesabika, vinavyozunguka kama vimbunga vidogo, vilivyoijaza nafasi, na katikati yao vijigurudumu vya kupokezana mwendo ili vizingia jirani visikwaruzane. Hakuna aliyewahi kuviona vitu hivyo, na Maxwell mwenyewe alitahadharisha kwamba hasemi ndivyo maumbile yalivyo. Lakini alipokokotoa kasi ya mtikisiko unaosafiri ndani ya mitambo hiyo, akitumia vipimo vya umeme na sumaku vilivyopatikana maabara, alipata namba iliyokaribiana mno na kasi ya nuru, akahitimisha kwamba nuru yenyewe ni mtikisiko wa umeme na sumaku. Mwaka 1865 aliitoa nadharia hiyo upya, vizingia na vijigurudumu vikiwa vimewekwa kando na milinganyo ikibaki. Takriban miaka ishirini na miwili baadaye, Heinrich Hertz nchini Ujerumani alirusha cheche za umeme upande mmoja wa chumba na kukitazama kwa makini kijipengo chembamba katika pete ya waya iliyokuwa mbali, isiyounganishwa na chochote. Ilibidi pawe na giza ndipo aone vicheche hafifu vikiruka katika kijipengo hicho. Yale mawimbi yalikuwapo.

Picha ya Maxwell haikuwa ya kweli, na bado ilizaa ukweli, kwa kuwa aliitengeneza kwa undani wa kutosha kukokotolewa. Hapo ndipo ninapoachana na wale wanaosema kwamba ubunifu ni kinyume cha ukali wa hesabu.

Mifano mingine nitaipitia haraka. Dmitri Mendeleev alipolipanga jedwali la elementi mwaka 1869, elementi zilizojulikana zilikuwa zaidi kidogo ya sitini, naye aliacha nafasi wazi, kisha akaeleza sifa za elementi ambazo hakuna mtu aliyekuwa nazo mkononi. Gali, mojawapo ya elementi hizo, ilipopatikana Ufaransa mwaka 1875, mgunduzi wake alitangaza densiti, yaani uzito wake ukilinganishwa na ujazo, ya 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwa hata na punje ya metali hiyo, alimwandikia kwamba inapaswa kukaribia 6 na kwamba sampuli huenda haikusafishwa vizuri. Ilisafishwa, ikapimwa tena, ikawa 5.9. Charles Darwin naye, mwaka 1862, aliandika kuhusu ua la okidi la Madagaska lenye mrija unaokaribia sentimita 30, nekta ikiwa chini kabisa, akasema lazima awepo nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Kuna waliomdhihaki. Nondo huyo alielezwa rasmi na wataalamu mwaka 1903, Darwin akiwa amekwisha kufariki tangu 1882.

Mtaniuliza kuhusu ndoto, kwa sababu hakuna hotuba ya aina hii inayosamehewa bila nyoka wa August Kekulé. Inasimuliwa kwamba mkemia huyo alisinzia mbele ya moto, akaona nyoka akiuma mkia wake, akaamka na umbo la duara la molekuli ya benzini, aliloliandika mwaka 1865. Aliyeisimulia ni Kekulé mwenyewe, katika sherehe ya kumheshimu mwaka 1890, na sina sababu ya kumwita mwongo. Nasema tu kwamba mtu aliyeota ndoto hiyo alikuwa ameshughulika kwa miaka mingi na jinsi atomu za kaboni zinavyoshikana, na kwamba baada ya kuamka alikaa usiku uliobaki akiyafanyia kazi matokeo ya wazo lake. Wasimulizi hupenda kumwacha usingizini.

Sasa nifike kwa mtu ninayemwona kuwa funzo kubwa kuliko wote, Mfaransa Urbain Le Verrier, kwa sababu mtu huyohuyo, kwa njia ileile, alipatia mara moja na kukosea mara moja.

Sayari ya Uranusi iligunduliwa mwaka 1781, na kadiri miaka ilivyopita ilionekana kutoifuata njia ambayo kanuni za Newton ziliitaka ifuate. Tofauti ilikuwa ndogo mno, lakini haikuondoka hata mvutano wa Mshtarii na Zohali ulipohesabiwa. Le Verrier aliwaza sayari nyingine, ya mbali zaidi, isiyojulikana na yeyote, inayoivuta Uranusi. Mpaka hapo hajafanya lolote la ajabu, maana wazo hilo lilikuwa limewajia wengine pia, na John Couch Adams wa Uingereza alikuwa akilifanyia hesabu zake mwenyewe. Kazi ilikuwa kurudi kinyumenyume, kutoka kwenye mtikisiko wa sayari inayoonekana hadi kwenye mahali pa sayari isiyoonekana. Le Verrier aliimaliza hesabu hiyo na kuwaandikia wanaastronomia wa Berlin. Barua ilimfikia Johann Galle tarehe 23 Septemba 1846. Usiku huohuo Galle alikaa kwenye darubini akitaja nyota alizoziona moja baada ya nyingine, na mwanafunzi Heinrich d'Arrest akizilinganisha na ramani mpya ya nyota, mpaka ikatajwa moja ambayo ramani haikuwa nayo. Ilikuwa Neptuni, umbali usiofika digrii moja kutoka mahali palipotajwa katika barua.

Miaka kumi na mitatu baadaye, mwaka 1859, Le Verrier alitangaza kasoro nyingine. Safari hii ilikuwa ya Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua. Njia yake ya mviringo mrefu hugeuka polepole, na baada ya kuhesabu mvutano wa sayari zote nyingine ulibaki mgeuko usioelezeka wa sekunde 38 za pembe kwa karne nzima. Digrii moja ina sekunde 3,600. Namba hiyo ilikuja kurekebishwa na kuwa 43. Le Verrier alifanya kile ambacho kila mtu mwenye akili timamu angefanya: aliwaza kwamba ipo maada isiyoonekana kati ya Utaridi na Jua. Hazikupita siku nyingi akapata barua ya daktari wa kijijini, Edmond Lescarbault, aliyedai kwamba mwezi Machi wa mwaka huo aliona kitone cheusi kikivuka uso wa Jua. Le Verrier alimwendea bila taarifa na kumhoji kwa ukali. Inasimuliwa kwamba daktari alikuwa akiandika hesabu zake kwenye mbao na kuzifuta kwa randa ili azitumie tena. Le Verrier aliondoka akiwa ameridhika. Sayari ikapewa jina, Vulcan, na daktari akapewa nishani.

Vulcan haipo. Tarehe zilizotabiriwa zilipita, Jua likipatwa watu walitazama kandokando yake, wachache wakadai kuiona, na madai yao hayakupatana. Le Verrier alifariki mwaka 1877 akiwa bado anaiamini. Kilichokuwa kimekosewa ni kanuni ya mvutano yenyewe. Mwaka 1907 Albert Einstein, akiwa mtumishi wa ofisi ya hataza mjini Bern, alikuwa amewaza kwamba mtu anayeanguka kwa uhuru hausikii uzito wake. Ilimchukua miaka minane kuligeuza wazo hilo kuwa milinganyo, na Novemba 1915 alipoitumia kwa Utaridi, zile sekunde 43 zikatoka zenyewe bila kuongezwa sayari yoyote. Aliwaambia marafiki kwamba furaha ilimpandisha mapigo ya moyo.

Ninawaomba watafiti vijana walitafakari hili bila haraka. Ukimsoma Le Verrier wa 1846 na Le Verrier wa 1859, huwezi kuonyesha kwa kidole tofauti yoyote ya uwezo, bidii au uaminifu. Wazo la Vulcan halikuwa duni kuliko wazo la Neptuni. Yote mawili yalitaja mahali pa kutazama, na kwa hiyo yote mawili yaliheshimu sharti nililolitaja mwanzoni. Neptuni ilitupa sayari, na kule kukosekana kwa Vulcan kukaiacha namba 43 ikiwa wazi, safi, bila maelezo, kwa zaidi ya nusu karne, ikimngoja mtu wa kuieleza. Laiti Le Verrier angeridhika kusema kwamba kuna nguvu fulani za siri karibu na Jua, asitaje ukubwa wala mahali, hakuna ambaye angeweza kumkosoa, na wala hakuna ambaye angejifunza chochote.

Ipo aina ya ubunifu ninayoiogopa, nayo ni ile inayotoka akilini ikaingia machoni. Mwaka 1903 René Blondlot, mwanafizikia mwenye heshima mjini Nancy, alitangaza miale mipya aliyoiita miale ya N. Dalili yake ilikuwa kuongezeka kidogo mno kwa mng'ao wa cheche au uso hafifu, kunakotazamwa kwa macho katika giza. Makumi ya watafiti walisema wameiona. Mmarekani Robert Wood alikwenda kushuhudia mwaka 1904, na gizani, bila kumwambia mtu, akauondoa mche (prizimu) wa alumini uliodaiwa kuitawanya miale hiyo. Watazamaji waliendelea kusoma vipimo vilevile kana kwamba mche bado upo. Sidhani kuna aliyekuwa akidanganya. Walikuwa wameshajua wanachotakiwa kuona, na mng'ao ulikuwa hafifu kiasi cha kuruhusu jicho kumtii mwenye nalo. Ndiyo maana siku hizi majaribio mengi hufanywa huku mpimaji akifichwa asijue ni sampuli ipi iliyo mbele yake. Watu huona utaratibu huo kuwa urasimu. Mimi nauona kuwa ukuta kati ya mahali pa kuwaza na mahali pa kutazama, na kila upande unauhitaji.

Kuhusu elimu nitasema neno moja, kwa kuwa wengine watalizungumza vizuri kuliko mimi. Mwanafunzi anapofanya jaribio ambalo jibu lake limeandikwa ukurasa unaofuata, anafundishwa ustadi wa mikono, nao una faida. Ila mara mojamoja aandike kwanza, kwa kalamu isiyofutika, anadhani kitatokea nini na kwa nini, kisha ndipo aguse kifaa. Dakika tano zinatosha.

Nimalizie na jambo ambalo halijaamuliwa. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alikuta kwamba galaksi katika kundi la Coma zinakwenda kwa kasi kubwa mno kushikiliwa na maada inayoonekana, na kuanzia miaka ya 1970 vipimo vya Vera Rubin na wenzake vilionyesha kwamba nyota na gesi za pembezoni mwa galaksi huzunguka karibu kwa kasi ileile ya zile za ndani, ambapo kwa kanuni tunazozijua zilipaswa kuwa za polepole. Tumerudi mezani kwa Le Verrier. Ama ipo maada isiyoonekana, na hesabu huikadiria kuwa kama mara tano ya maada ya kawaida, au kanuni ya mvutano inahitaji kurekebishwa, kama alivyopendekeza Mordehai Milgrom mwaka 1983. Wengi wetu tumeichagua Neptuni. Wachache wanatukumbusha Vulcan.

Mimi naelemea upande wa walio wengi, kwa sababu ushahidi wa maada hiyo hautokani na mizunguko ya galaksi pekee. Upo pia katika namna makundi ya galaksi yanavyopinda nuru inayopita kando yake, na katika mabaki ya joto la ulimwengu mchanga. Wapinzani wetu nao wana hoja ambayo hatujaijibu kikamilifu, kwani kanuni yao, kwa kigezo kimoja tu, inaikadiria mizunguko ya galaksi nyingi kwa usahihi ambao hatukuutarajia. Wakati huohuo, vigunduzi vilivyojaa ksenoni ya kimiminika vimewekwa chini kabisa ya milima na ndani ya migodi, vikingoja mgongano wa chembe moja ya maada hiyo, na hadi sasa havijapata ishara iliyokubalika na wote. Kila awamu ya vipimo inafuta sehemu nyingine ya uzito na nguvu ambazo chembe hiyo ingeweza kuwa nazo, na waliobuni chembe za sehemu iliyofutwa hulazimika kurudi kubuni upya. Swali ninalowaachia wenzangu wa pande zote mbili ni la kiutendaji: ni kipimo gani, kikitoka kinyume, kitakachotufanya tuliache wazo letu? Ningefurahi kuyasikia majibu yenu katika kipindi cha maswali.

Asanteni kwa kunisikiliza.